Eren Yeager alikuwa shujaa hadi mwisho, na hapo ndipo penye msiba

Oktoba iliyopita, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mashujaa, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Loitokitok insha yenye kichwa 'Shujaa ninayemstahi'. Nilipata nilichotarajia: Dedan Kimathi, Wangari Maathai, Mekatilili wa Menza, Eliud Kipchoge, na akina mama wazazi wasiohesabika. Kisha nikafika kwenye daftari la kijana mmoja wa dawati la nyuma, kando ya dirisha linalotazama Kilimanjaro. Shujaa wake alikuwa mtu anayeitwa Eren Yeager.

Sikumjua. Nikauliza katika chumba cha walimu. Mwenzangu anayefundisha kompyuta akacheka, akaniambia huyo ni mhusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, tena anaishia kuwakanyaga watu wa dunia nzima hadi wakasalia wachache. Basi nikashika kalamu nyekundu. 'Huyu si shujaa, ni muuaji. Umepotoka.' Alama 6 kati ya 20.

Kijana alinijia alasiri, daftari kifuani. 'Mwalimu, wewe umeiangalia?' Nikamjibu kwamba muuaji ni muuaji hata asipoangaliwa. Akainamisha macho, akasema kwa adabu: 'Sawa, Mwalimu. Lakini kamusi haisemi hivyo.'

Nimefundisha Kiswahili miaka ya kutosha kujua kwamba mwanafunzi akikutajia kamusi, ama anakupotezea muda ama amekushika pabaya. Jioni hiyo nikaifungua. Alikuwa amenishika pabaya.

Shujaa, kwa mujibu wa kamusi zetu, ni mtu asiye na woga, mtu jasiri. Basi. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko nako shina lake ni ujasiri. Wema haumo. Jambazi anayeingia benki mchana kweupe na bastola moja ni shujaa kwa kipimo hicho, hata kama hatumpendi. Wema tumeupachika wenyewe, na hapa Kenya tumeupachika hadi kikatiba: Katiba ya 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta ya Oktoba 20 kuwa Siku ya Mashujaa, na tangu hapo neno limevaa suti, linapigiwa gwaride na kusomewa hotuba. Wanafunzi wangu hawajawahi kulisikia bila bendera kando yake.

Darasani tunaendeleza yayo hayo. Tulipokuwa tukifundisha Kigogo ya Pauline Kea, Tunu tulimweka huku, Majoka tulimweka kule, tukaorodhesha sifa za kila mmoja, na kengele ikalia. Majoka tunamkuta akiwa tayari ameoza. Hakuna anayevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza mtu huvukaje.

Desemba nilishuka Kitengela kwa dada yangu, ambako intaneti haikatiki kila mvua inapotishia kunyesha, nikamwomba mpwa wangu anionyeshe huyo Eren. 'Mjomba, usimchukie mapema,' akaniambia akiunganisha nyaya. 'Na usimpende mapema pia.' Tulikesha usiku kadhaa. (Aliye na nia ya kuitazama mwenyewe aache kusoma hapa, kwa sababu nitaimwaga yote.)

Kazi yenyewe ni Attack on Titan ya Hajime Isayama. Ilianza kama hadithi ya michoro mwaka 2009 na kukamilika 2021; anime yake ilianza kuonyeshwa 2013 na kufikia tamati Novemba 2023. Eren ni mtoto anayeishi ndani ya kuta ndefu zinazozuia majitu yanayokula watu. Siku ukuta unapovunjwa, mama yake anakwama chini ya vifusi vya nyumba yao, na jitu linamla mtoto akiona. Eren anaapa kwamba atayaua yote, asibakize hata moja. Kiapo hicho ndicho tunachompendea. Hata mimi nilimpendea hicho. Usiku wa kwanza chai yangu ilipoa bila kuguswa.

Baadaye tunagundua kwamba majitu ni watu waliogeuzwa, kwamba ng'ambo ya bahari kuna mataifa, na kwamba mataifa hayo huwaona akina Eren kuwa ndio mashetani. Hapo kuna tukio la ufukweni. Vijana hawa wanaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Wenzake Eren wanarushiana maji na kucheka. Yeye amesimama tu, ananyoosha kidole kuelekea upeo wa macho, anauliza kama wakiwaua maadui wote walioko kule watakuwa huru hatimaye. Hakuna anayemjibu.

Mpwa wangu alisimamisha picha papo hapo. 'Wengi husema hapa ndipo alipogeuka.'

Mimi nadhani hao wengi wamekosea. Eren hakugeuka. Kiapo cha ufukweni ni kilekile cha mtoto aliyeona mama yake akiliwa, kwa sauti ya chini zaidi. Kilichobadilika ni wanaoingia ndani ya neno 'maadui'. Zamani yalikuwa majitu, nasi tulishangilia bila kuuliza. Sasa ni watu wenye nyumba, masoko na watoto wanaokwenda shule, lakini ujasiri ni uleule, na kwa mujibu wa kamusi mtu huyu angali shujaa. Ndiyo maana inauma.

Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina la mhusika anayesimama dhidi ya mhusika mkuu. Wahakiki wetu huandika mpinzani, mhasimu, mhusika mbaya, kila mtu na lake. Lakini nilipokuwa mdogo hatukuwa na tatizo hilo katika banda la video hapa mjini. Mpaka uko pua na mdomo na sisi, Tarakea ni safari fupi, na kulikuwa na wavulana wa upande wa Tanzania waliotuletea neno 'stelingi'. Sisi tulikuwa tukisema 'akta'. Stelingi ni yule ambaye picha inamfuata. Anayemkabili ni adui. Na kanuni ilikuwa moja, wala haikuhitaji mwalimu: stelingi hafi. Wasimulizi waliotufasiria filamu hizo kwa Kiswahili, akina Lufufu kule Tanzania na DJ Afro hapa kwetu, walituzoesha kukaa upande wa stelingi tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Nikiwa mtu mzima naona kwamba stelingi ni neno lenye akili kuliko shujaa wetu wa gwaride. Linataja nafasi ya mtu katika hadithi, halimpi cheti cha tabia njema. Adui nalo ni hivyo hivyo. Huwezi kuwa adui ukiwa peke yako. Sharti uwe adui wa fulani.

Isayama ameijenga kazi yake juu ya jambo hilo. Eren anavuka bahari kwa siri na kuketi katika chumba cha chini ya jengo pamoja na Reiner, mmoja wa waliouvunja ukuta siku ile mama yake alipokufa. Reiner tumemchukia kwa misimu kadhaa. Sasa Eren anamwambia kwa utulivu kwamba wao wawili ni sawa. Nje kuna umati uliokuja kusikiliza hotuba. Eren anageuka jitu palepale, na mawe yanawaangukia watu wasiojua lolote, kama yalivyomwangukia mama yake. Katikati ya vifusi anakimbia msichana wa upande ule, Gabi, aliyewapoteza rafiki zake, na machoni ana kiapo tunachokijua. Kwa Gabi, stelingi wetu ndiye jitu.

Fasihi yetu imelikaribia jambo hili. Si kwa Fumo Liyongo: huyo huuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na udhaifu wake uko mwilini, si katika kile kinachomfanya apendwe. Makbeth wa Shakespeare, aliyefasiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi mwaka 1968, yuko karibu zaidi. Mwanzoni mwa mchezo askari analeta habari kwamba Makbeth amempasua mwasi kuanzia kitovu hadi taya, na mfalme anafurahi, anampandisha cheo. Muda si mrefu mkono uleule unamuua mfalme mwenyewe kitandani. Wanafunzi husoma kwamba wachawi na mkewe walimharibu. Sawa, lakini sifa za kuchinja alizipata kabla hajakutana na mchawi yeyote.

Aliye karibu kabisa, kwa maoni yangu, ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Si mwovu, msinielewe vibaya. Lakini ni kiongozi ambaye neno lake linawapeleka watu kwenye bunduki za Wajerumani wakiamini maji yatawakinga. Akishaanza kutilia shaka alichowaambia, anawaomba wangoje. Hawangoji, neno limekwisha kumponyoka. Eren naye anaona mauti yaliyo mbele, tena kwa uwazi zaidi, maana Isayama amempa uwezo wa kuyaona yajayo. Lakini hamwombi mtu yeyote angoje. Anawaficha rafiki zake, anawatukana ili wamwache, kisha anaamsha majitu ya ukutani na kuwakanyaga asilimia 80 ya wanadamu. Kinjeketile anasumbuliwa na neno alilolisema, Eren na neno alilokataa kulisema. Kwangu, tanzia ya Hussein ina uzito zaidi, kwa sababu hakuna uwezo wa kuona yajayo unaomsaidia mtu kusema 'ilikuwa lazima'. Isayama anataka Eren awe na hatia na pia awe amefungwa kamba na majaaliwa, na kila nilipotaka kumhukumu nilikuta mwandishi ameshamtafutia wakili.

Na bado kuna tukio ambalo sikuweza kulipinga. Kabla ya maangamizi, Eren anamwokoa mvulana mgeni anayepigwa sokoni, jina lake Ramzi, kisha anapiga magoti mbele yake na kulia, akimwomba radhi kwa atakalomfanyia. Mvulana haelewi lugha. Mpwa wangu alitoka kwenda kuchemsha chai nyingine, na nadhani alifanya hivyo makusudi.

Januari niliirudisha insha ile darasani, nikamwomba mwandishi wake atusimulie hadithi. Alisimulia vizuri kuliko nilivyoisimulia hapa. Nilipouliza kama Eren alikuwa na haki, msichana mmoja wa safu ya mbele alijibu bila kusita: 'Mwalimu, si walimchokoza?' Darasa likapiga makofi.

Niliganda kidogo. Mapema 2008 nilikuwa kijana, na maneno hayo, walituchokoza, niliyasikia kwa watu niliowafahamu, watu wapole, waliokuwa wakinisalimu kila asubuhi. Hawakujiona wabaya. Kila mmoja alikuwa stelingi, na kila mmoja alikuwa na mama wa kulinda. Nikawauliza wanafunzi: na Ramzi alimchokoza nani? Makofi yakakoma. Mmoja akasema, 'Ramzi hakuwa adui.' Mwingine akamkata kauli: 'Alikuwa ng'ambo.' Tukabaki kwenye neno hilo, ng'ambo, hadi kengele. Kutoka dirishani mwetu ng'ambo inaonekana, maana mlima wenyewe uko kule, na baadhi yao wana shangazi huko.

Kuna jambo la lugha nililowaachia kama kazi ya ziada. Katika hadithi ya michoro, sura ya mwisho, Armin, rafiki yake Eren tangu utotoni, anamshukuru kwa kukubali kuwa muuaji kwa ajili yao. Wasomaji wengi walikasirika, nami ningekuwa mmoja wao. Shukrani hiyo inaosha damu yote kwa neno moja. Miaka miwili baadaye, sura hiyo ilipotengenezwa kuwa anime, maneno ya Armin yalibadilishwa. Hashukuru tena. Anakiri kwamba ni yeye aliyemwonyesha Eren kitabu kuhusu ulimwengu wa nje na kumpandishia hamu ile, kwamba hatia ni yao wote wawili, na kwamba motoni watakuwa pamoja. Matukio hayakubadilika, aliyekufa amekufa. Mabadiliko yako kwenye kitenzi, kutoka kushukuru hadi kukiri, na kwangu kazi nzima inasimama au inaanguka hapo. Wanafunzi wangu waliandika aya moja moja wakilinganisha miisho hiyo miwili, na bila utani ndizo aya bora nilizosahihisha mwaka huu. Wengine walitetea ule wa kwanza, tena kwa hoja.

Ilibaki ile 6 kati ya 20. Nilifuta maneno yangu mekundu. Mada hakuipotoka: aliulizwa kuhusu shujaa, akaandika kuhusu shujaa, na mimi ndiye niliyesoma bendera badala ya neno. Pembeni nikamwandikia swali moja tu: unamstahi kwa lipi, na Ramzi angesemaje? Nikampa 13. Ingekuwa 15, ila ameandika 'majitu zilikuja' mara nne katika ukurasa mmoja, na ngeli ni ngeli hata kwa anayejua kutumia kamusi.