Wachoraji Wetu Vijana na Suala la Mhusika

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili swali ambalo kila mwalimu wa fasihi anayesoma kijarida hiki amewahi kulitunga: Jadili sifa za mhusika Adili katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Majibu yalifanana mno. Adili ni mwadilifu, ni mkarimu, ni mvumilivu, ana mapenzi kwa ndugu zake; kila sifa na mfano wake mmoja. Katika daftari moja, ukurasa wa mwisho, tulikuta mchoro wa penseli: mtu amesimama usiku, mjeledi mkononi, mabega yamelegea, uso ameugeuzia ukutani, na mbele yake manyani wawili. Pembeni paliandikwa kwa Kiingereza maneno machache ya kujikumbusha, kwamba mkono ushuke zaidi na macho yasionekane. Tulitoa alama kwa orodha ya sifa, kisha chini ya mchoro tukaandika kwa wino mwekundu, "Hili si somo la uchoraji."

Makala haya yametokana na aibu iliyotupata baadaye, tulipoutazama mchoro ule mara ya pili.

Tulianza kuwauliza wanafunzi wanachora wapi na nani aliwafundisha. Kumbe wako wengi. Ni mashabiki wa manga, yaani katuni za Kijapani, hasa Naruto ya Masashi Kishimoto iliyochapishwa kati ya mwaka 1999 na 2014. Wanaonyeshana michoro, wanaandika hadithi zao wenyewe kuhusu wahusika wanaowapenda, na wanapeana mashauri kwa ukarimu ambao hatujauona katika semina zetu. Mmoja akishindwa na vidole, mwingine huchora upya juu ya mchoro wake kwa rangi nyingine ili aone kosa lilipo. Shauri moja lilitufurahisha sana: mpake mhusika wako weusi mwili mzima, abaki kivuli, kama hatambulikani kwa kivuli tu, hujamaliza kumuunda. Mengine yanahusu uandishi. Mhusika wako anataka nini? Anaogopa nini? Anafanya nini kwa mikono yake anaposema uongo? Sisi hatujawahi kuuliza katika mtihani mhusika anafanya nini kwa mikono yake.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Mchezo huu una historia ndefu kidogo. Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek nchini Marekani walitoa kijarida chao, Spockanalia, wakiandika kuhusu filamu hiyo ya televisheni na kubuni hadithi juu ya wahusika wake. Desemba 1975, jijini Tokyo, vikundi 32 vya wachoraji wasio wa kulipwa vilikutana kuuza na kubadilishana kazi zao. Mkutano huo, Comiket, baadaye ulivuta watu kwa malaki. Lakini kwa mwalimu wa fasihi mwaka muhimu ni 1973. Mwaka huo shabiki aitwaye Paula Smith aliandika kihadithi kifupi cha kejeli kuhusu msichana Mary Sue, ambaye hajafika hata miaka kumi na sita lakini tayari ni luteni, anapendwa na wote, anaweza yote, na akifa chombo kizima kinalia. Alikuwa anawacheka waandishi wenzake waliojaza hadithi zao wasichana wa namna hiyo. Jina likashika, na hata leo mashabiki humwita Mary Sue mhusika asiye na doa. E. M. Forster alikwisha kutupa mwaka 1927 mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara, nasi tumeuimba darasani hadi umechuja. Kejeli ya Paula Smith inafundisha zaidi, kwa kuwa inamwambia mwandishi kosa lake linatoka wapi: amempenda mhusika wake kupita kiasi hata hataki kumwona akiteseka kwa makosa yake mwenyewe.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja alipotuuliza, tena kwa adabu: "Mwalimu, kwa hiyo Adili si Mary Sue?"

Swali zuri, na lisijibiwe haraka. Kwa kipimo cha mashabiki, wahusika wa Shaaban Robert wangeanguka wote. Adili ana nduguze Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika mshtakiwa ni Karama na mshtaki ni Majivuno. Jina linakuambia mtu kabla hajafungua kinywa. Sisi tunasema hapana, Adili si Mary Sue, na sababu yetu ni ule mjeledi. Majazi ni ahadi ambayo mwandishi anaiweka kwa msomaji, na kazi ya hadithi ni kuitia ahadi hiyo mashakani. Mtu aitwaye Adili anapewa amri asiyoweza kuikaidi: kila usiku awapige manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake, waliomtosa baharini. Akipiga, anawatesa ndugu zake. Asipopiga, anavunja amri. Uadilifu wake hauna pa kukimbilia. Katika madaftari yote tuliyosahihisha, palipoonekana jambo hilo ni kwenye yale mabega yaliyolegea tu.

Hata hivyo tusiwasifu vijana hawa kupindukia. Mashauri yao yana magonjwa. Kuna fomu za kuunda wahusika wanazopeana, zenye maswali kwa makumi: rangi aipendayo, chakula, siku ya kuzaliwa, damu ya kundi gani. Ukiijaza yote una mtu mwenye sifa mia moja ambaye hajafanya lolote. Ni ile ile orodha yetu ya mtihani, imevaa kofia nyingine. Neno Mary Sue nalo limegeuka fimbo. Mhusika wa kike akionekana hodari kidogo tu anachapwa nalo, ilhali wa kiume mwenye uwezo ule ule anapita salama. Kisha kuna nyuso. Macho makubwa ya manga yalienezwa na Osamu Tezuka, naye alivutiwa na filamu za Disney. Wanafunzi wetu wananakili kutoka kwa walionakili, na matokeo yake ni kwamba Adili, Rosa wa Kezilahabi na jirani wa mchoraji wote wana pua ya nukta na nywele za kuanguka usoni. Mchoraji wa uso mmoja ni sawa na mwandishi wa sentensi moja.

Jambo linalotugusa zaidi ni lugha. Mashauri yote haya wanayapata na kuyatoa kwa Kiingereza. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hawa tulio nao ndio walimu wa kesho, na hawawezi kuutaja mwili wa binadamu kwa Kiswahili kupita kichwa, mabega, magoti. Tulijaribu zoezi. Mwanafunzi mmoja ana aya mkononi, anaieleza kwa Kiswahili; mwenzake, ambaye hakuiona, anachora. Mtulinga haukujulikana na yeyote. Muundi ulichorwa begani. (Na sisi, tukiri, tulikimbilia kamusi kuhakikisha kikosi ni nyuma ya shingo.) Lakini faida kubwa ilikuwa katika vitenzi. Tulisema aliinama, kisha aliuinamia mtungi, kisha aliinamisha kichwa. Mara ya kwanza michoro mitatu ilitoka sawa. Tulipoirudia, wenyewe walibishana mikono iwekwe wapi, na kauli ya kutendea na kutendesha zikaeleweka kwa nusu saa, baada ya mihadhara miwili kushindwa. Kubetua midomo kuliwachekesha hadi wa darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Katuni si ngeni kwetu. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi miaka mingi katika Taifa Leo, na Bogi Benda aliyechekesha Wakenya gazetini alikuwa kazi ya Mganda, James Tumusiime. Hakuna hata mmoja wao aliye katika mtaala wetu.

Tulimwita mwenye mchoro tumwombe tuubandike ubaoni. Alisema aliuchana siku aliyorudishiwa daftari. Alama zake zilikwisha kupelekwa, hazibadiliki. Amekubali kuchora mwingine, kwa sharti kwamba safari hii manyani wapewe macho ya watu, akituuliza kama tumesahau kuwa ni ndugu. Swali la muhula huu tumeliandika upya: Adili ananyanyua mjeledi, eleza kwa maneno au kwa mchoro wenye maelezo ya Kiswahili mwili wake unasema nini ambacho jina lake halisemi. Na mwenzetu mwenye neno zuri la Kiswahili kwa ile mistari hafifu ya penseli ambayo mchoraji huanza nayo kisha huifuta, atuletee ofisini, wanafunzi wanaisubiri.