Waya wa Kwenda Bandani

Nyumba ya shangazi yangu iko Isamilo, Mwanza, kwenye mteremko ule ambao mawe makubwa yamekalia mawe mengine kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Nyumba iko juu. Banda la gari liko chini karibu na geti, kwa kuwa ni hapo tu palipopatikana udongo wa kujengea. Kengele ya wezi aliifunga zamani: swichi za sumaku milangoni, sensa sebuleni, king'ora chini ya paa. Banda halikuwemo. Usiku mmoja wezi wakachukua betri ya gari na pampu ya maji, na asubuhi tulipoamka taa ya kijani ya mtambo ilikuwa inawaka vilevile, ikisema nyumba iko salama. Na kweli nyumba ilikuwa salama. Mtambo ulikuwa haujawahi kuambiwa kwamba kuna banda.

Fundi aliyekuja ni mtu wa makamo, maneno yake machache. Siku ya kwanza hakufungua hata mkoba wake. Alitembea tu. Alipima njia kwa futi ya utepe, akiyakwepa mawe, akapata mita 35. Kisha akaanza kuuliza. "Mama, mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi hapa uani?" "Gari likirudi usiku, nani anafungua mlango?" "Upepo wa ziwani ukivuma, mlango wa banda unacheza?" Shangazi akajibu yote, naye akaandika kwenye daftari la shule lenye kurasa za mraba.

Nilimwuliza kwa nini asitumie sensa zisizo na waya, tuepuke kuchimba. Hakuzibeza. Alisema amezifunga katika nyumba nyingi na zinafanya kazi. Ila hapa, kati ya boksi la mtambo na banda, kuna kuta mbili, mlango wa chuma na jiwe moja kubwa kuliko daladala. "Mawimbi yatafika leo, mwanangu, kesho yasifike. Na zile betri zake ndogo zitakwisha siku ambayo mama amesafiri." Basi waya.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii, nilipoeleweshwa namna waya wa kengele unavyofanya kazi. Nilidhani waya hulala tu, ukisubiri mwizi ili upeleke habari. Kumbe ni kinyume. Mtambo hupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye waya saa zote, usiku na mchana, na unachokifuatilia ni kama mkondo huo unarudi. Mwaka 1853, Augustus Pope wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya umeme ambayo mlango ukifunguliwa ndipo umeme unapopita na kengele kulia. Ilikuwa akili kubwa kwa wakati wake, lakini mwizi mwenye mkasi angekata waya na kuingia kwa raha zake. Waliofuata wakaigeuza: umeme upite muda wote, na ukikatika, kwa mlango au kwa mkasi, king'ora kilie.

Mlangoni kuna kichupa cha kioo kifupi kama nusu ya kijiti cha kiberiti. Ndani yake mna ndimi mbili nyembamba za chuma zinazokaribiana bila kugusana. Sumaku ikija karibu, zinashikana. Sumaku ikiondoka, zinaachana. Swichi hiyo ilibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood katika maabara za Bell huko Marekani, na mpaka leo sijaona aliyebuni iliyo rahisi kuliko hiyo. Haina betri na haina programu ya kusasisha. Vumbi haliingii, kwa kuwa kioo kimezibwa.

Lakini kichupa kikiwa peke yake, yupo mwizi mwerevu zaidi atakayechoma pini kwenye nyaya mbili ukutani na kuziunganisha. Mkondo utaendelea kurudi, naye afungue mlango atakavyo. Dawa yake ni rezista moja ya bei ya pipi. Katika mtambo wa shangazi ni ya omu 5,600. Ikiwa mwisho kabisa wa waya, kule bandani, mtambo huzoea kuona omu 5,600 tu, si zaidi wala pungufu. Waya ukikatwa, mtambo unaona njia imekatika. Ukiunganishwa kwa pini, unaona sifuri. Vyote viwili unavijua kuwa si kawaida.

Sasa, rezista hiyo inaweza pia kufungwa ndani ya boksi la mtambo, pale pale kwenye skrubu zake, bila kushuka mteremko. Taa itakuwa ya kijani ileile. Mteja hatajua kamwe, na ukijaribu kengele kwa kufungua mlango italia vizuri kabisa. Ila mita zote 35 zitakuwa hazina ulinzi dhidi ya ile pini. Fundi alifungua swichi tatu za zamani ndani ya nyumba na kukuta rezista hazipo mwisho wa waya. Aliyetangulia alikuwa amezirundika zote kwenye boksi. Hakumsema mtu. Alizihamisha moja baada ya nyingine, akiziunga kwa risasi na kuzivisha kimpira, kazi ya nusu siku ambayo hakuna aliyemwomba wala hakuiongezea bei.

Hesabu zake nazo nilizitazama kwenye daftari. Waya mwembamba wa kengele, ule wa milimita ya mraba 0.22, una ukinzani wa omu kama 80 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 70, yaani omu 5.6: elfu moja ya rezista, mtambo hautaihisi. Sensa ya bandani inakula ampea 0.02, njiani itapoteza volti 0.1 hivi, si kitu. Lakini shangazi alitaka na king'ora kule chini. King'ora kinakula ampea moja, na ampea moja kwenye omu 5.6 inameza zaidi ya volti tano kati ya 12. King'ora kingelia kama mbuzi mwenye mafua. Kwa hiyo kwenye daftari palikuwa na mstari mmoja uliopigiwa kistari: king'ora, waya mnene wa peke yake.

Mtaro ulichukua siku mbili kwa sururu na mtaimbo. Nyaya zililazwa ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya mkubwa wa umeme wa taa za geti, na hazikuungwa popote ardhini. Kipande kimoja, mwanzo hadi mwisho. Zinapopanda ukutani aliziachia mkunjo wa kushuka chini kabla ya kuingia tunduni, ili maji ya mvua yafuate mkunjo na kudondoka nje.

Mlango wa banda ulimla muda mrefu zaidi. Ni wa chuma, na chuma hunyonya nguvu ya sumaku, kwa hiyo aliinua sumaku juu ya kipande cha plastiki nene. Kisha akausukuma mlango kwa bega, namna upepo unavyousukuma, akipima kwa rula unacheza kiasi gani. Milimita 14. Akachagua swichi ya masafa mapana zaidi ya hapo, akarudia kusukuma pengine mara 20, jicho kwenye mita yake.

Sensa ya joto aliiweka kwenye kona ambako haitazami boneti ya gari lililotoka safari wala bati linalopata moto saa nane mchana. Tundu la nyuma akaliziba kwa silikoni. Mjusi kafiri akipita mbele ya kioo cha sensa, alisema, kwa sensa ni mkubwa kama mtu.

Mwanza ina radi nyingi. Ngurumo za usiku kutoka ziwani tumezizoea. Waya mrefu wa shaba kati ya majengo mawili huweza kuibeba radi ya bandani mpaka ndani ya nyumba. Mahali waya unapoingia nyumbani alifunga kifaa cha kuizuia na kukiunga na ethi ya nyumba.

Siku ya mwisho alijifungia bandani gizani, akampigia shangazi simu awashe mtambo. Akakaa bila kutikisika dakika tano, mimi nikihesabu nje. Kisha akapiga hatua moja. Majirani wa mtaa mzima walitoka.

Alipokuwa anafungasha niliona kwenye mdomo wa bomba kamba nyembamba ya nailoni, imepita mita zote 35 kandokando ya nyaya na kufungwa fundo kila upande. Nilimwuliza inalinda nini.

"Hailindi kitu. Ni ya kuvutia waya mwingine, mama akiamua kuongeza. Nani atachimba tena mawe haya?"

Kisha akaomba maji ya kunawa.