Nia ya Mtafutaji na Picha ya Kanga: Uhakiki wa Uainishaji wa Utafutaji wa Picha Mtandaoni

Mwezi Februari 2000, mwimbaji Jennifer Lopez alihudhuria tuzo za Grammy akiwa amevaa gauni la kijani la Versace. Eric Schmidt, aliyewahi kuiongoza Google, ameeleza kwamba watu wengi mno walilitafuta gauni hilo, ilhali injini ya utafutaji ya wakati huo haikuwa na njia ya uhakika ya kuwapa walichokitaka. Huduma ya kutafuta picha ilianzishwa Julai 2001. Hata hivyo, kisa hiki kinaacha swali moja bila jibu: watafutaji wale walikuwa na nia gani? Kulistaajabia gauni, kulizungumzia, au kumpelekea fundi ashone mfano wake?

Andrei Broder (2002) aliainisha nia za utafutaji wa mtandaoni katika makundi matatu: kupata maarifa, kufikia tovuti fulani na kutekeleza jambo. Xiaohui Xie na wenzake (2018) waliliangalia suala la picha peke yake, wakapendekeza nia tatu: kuchunguza na kujifunza, kupata picha ya kutumia, na kujiburudisha. Ubora wa kazi yao ni kwamba waliunganisha hojaji na majaribio ya maabara, wakaonesha kuwa mwenendo wa mtafutaji, ukiwamo mwendo wa kipanya, hutofautiana kulingana na nia yake. Kwa hiyo, walisogeza mjadala kutoka swali la nini kinatafutwa hadi swali la kwa nini kinatafutwa.

Pamoja na ubora huo, uainishaji huu una pengo. Tuchukue mfano wa mtu anayeandika maneno “picha ya kanga”. Mfugaji anamtaka ndege. Mwanafunzi anataka kuona pindo, mji na jina vinavyopangwa katika vazi. Hawa wawili wanaingia bila shida katika kundi la kujifunza. Lakini yupo wa tatu: mwanamke anayetafuta jina la kanga litakalomfikishia wifi yake ujumbe ambao hawezi kuutamka. Je, tumweke wapi? Tukisema anatafuta picha ya kutumia, tumeeleza tendo lake na kuiacha nia. Kwake picha ni chombo cha kauli. Anaitazama ili aisome, na anaichagua ili aseme.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba nia haikamiliki katika mwenendo unaoonekana kwenye skrini. Sehemu yake imo katika uhusiano wa mtafutaji na yule atakayeoneshwa picha. Wawili wanaweza kubofya picha ileile na kuitazama kwa muda uleule, mmoja akivutiwa na rangi na mwingine akipima ukali wa maneno. Injini inayokisia nia kwa mibofyo pekee itamhudumia wa kwanza, na wa pili itamletea rangi zaidi badala ya maneno.

Hivyo basi, makundi matatu ya Xie na wenzake yanafaa kuwa mwanzo wa uchambuzi. Inapendekezwa kwamba tafiti zitakazofuata ziongeze nia ya kuwasiliana, na zimuulize mtafutaji si tu alichotafuta, bali pia aliyekusudia kumwonesha.