Fimbo Imeshaanguka

Wenzangu wa kalamu, safari hii sizungumzii kitabu. Nazungumzia picha, tena ya Mrusi. Mnivumilie, maana imeniharibia hadithi nzima.

Niliikuta katika kitabu cha mtumba, vile vilivyochapwa Moscow enzi za Usovieti vikauzwa kwetu kwa bei ya karanga. Ilya Repin aliichora kati ya 1883 na 1885, na yenyewe ni mali ya Jumba la Tretyakov, Moscow. Jina lake refu: Ivan wa Kutisha na Mwanawe Ivan, Novemba 16, 1581. Mfalme amempiga mrithi wake kichwani kwa fimbo.

Sasa tazama. Hakuna mkono ulioinuliwa. Fimbo imeshaanguka, imelala kwenye zulia. Mzee amepiga magoti, amemkumbatia kijana, kiganja kimeziba jeraha na damu inapenya vidoleni. Macho yamemtoka pima. Na kijana hamsukumi! Anakufa, lakini utadhani yeye ndiye anayembembeleza baba. Uso huo Repin aliupata kwa mwandishi mwenzetu, Vsevolod Garshin, mtunzi wa hadithi fupi, aliyekufa mwaka 1888 akiwa na miaka 33 baada ya kujirusha kwenye ngazi.

Sisi tungechora pigo. Kurasa tatu za pigo, paa! puu! na msomaji tungemwacha hoi.

Picha yenyewe imepigwa kuliko huyo mwana wa mfalme. Mwaka 1885 Tsar Alexander III aliizuia isionyeshwe, miezi michache baadaye akalegeza. Januari 1913 Abram Balashov, mchoraji wa picha takatifu, aliichana kwa kisu mara tatu, usoni hasa, akipiga kelele kwamba damu imetosha. Mtunzaji wa jumba, Georgy Khruslov, akajitupa chini ya treni. Repin mwenyewe akaja kutengeneza, akampaka mfalme kichwa cha rangi isiyoafikiana na picha. Alipoondoka tu, Igor Grabar, mkuu mpya wa jumba, akaamuru kifutwe. Hapo nilicheka. Kumbe hata magwiji huharibu kazi zao kwa kuzirudiarudia! Mei 2018 mtu mwingine akaivamia kwa nguzo ya chuma, ile ya kamba za kuzuia watu, akavunja kioo na kuchana turubai.

Wanaoichukia wana hoja, tusiwabeze. Wanasema mfalme anasingiziwa. Habari za ugomvi ule ziliandikwa na mjumbe wa Papa, Antonio Possevino. Makaburi yalipofunguliwa mwaka 1963, fuvu la mwana lilikuwa limeoza mno kuthibitisha pigo; kilichoonekana mifupani ni zebaki nyingi.

Watetezi nao hujibu kwamba ni sanaa tu. Mimi jibu hilo halinitoshi. Repin aliweka tarehe kwenye jina la picha, na ukitaja tarehe umeapa. Angeiita Baba na Mwana angekuwa huru. Naipenda picha hii kupita kiasi, lakini hapo nasema alikosea.

Ila kuna kitu hao wenye visu na nguzo hawakukiona. Picha haimtukani mfalme. Katika kitabu changu kile, karatasi imefifia, wino mwekundu umekuwa kama kutu, na bado huwezi kumtazama mzee yule ukamchukia. Kumchukia ni rahisi. Repin kakunyima hiyo nafasi.

Na hapa ndipo iliponikamata mimi. Nilikuwa nimemaliza hadithi ya baba mmoja wa mtaani kwetu mwenye bakora. Mwaka niliutaja, mtaa niliutaja, jina la mzee nilibadilisha herufi moja tu. Unadhani nilikuwa naficha nini? Mzee wangu akaiokota mezani, akaisoma yote, miwani puani. Nikajiandaa kutimka. Akaniambia, "Bakora umeiandika vizuri, mwanangu. Lakini mimi simo humu."

Sikuwa na la kumjibu. Nimechana kurasa kumi na moja, naanza pale bakora inapokuwa tayari iko sakafuni. Mwaka nimeufuta. Mtoto nimeshamweka, kalala kwenye jamvi kajigeuzia ukutani. Mzee kasimama mlangoni, na wiki ya pili sasa sijui mikono yake niiweke wapi.