Maisha Marefu: Kitabu Kimoja na Watoto wa Kasongo

Wengine wenu wametuuliza tuna shauri gani juu ya kitabu cha Bwana Eric Drexler, Mwamerika, *Engines of Creation*, kilichotoka mwaka 1986. Nia yake ni hii: siku moja mafundi wataunda mashine ndogo sana, za kupimwa kwa nanometri, ndiyo metri moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Mashine hizo zitaingia mwilini na kutengeneza seli zilizoharibika, hata uzee urudi nyuma.

Kwanza tukisifu. Mwandishi anaeleza wazi, tena hafichi hatari za kazi hiyo. Wala si ndoto tupu: mwaka 2020 zilitoka chanjo za Covid-19 zilizofungwa ndani ya chembe za mafuta, zenye nanometri 100 hivi. Lakini chembe hizo zinabeba dawa tu. Mashine ya kutengeneza seli haijaonekana bado.

Kosa lake ni kumtazama mtu kama saa iliyoharibika: tengeneza gurudumu, itatembea. Dini yetu haimhesabu mtu hivyo. Tena sisi wa Maniema tuna andiko la kulinganisha. Mwaka 1981 waganga wa Mradi wa Kasongo waliandika katika gazeti *The Lancet* juu ya watoto wadogo waliochanjwa surua. Waliona kwamba waliochanjwa walipona zaidi, lakini baadaye faida ile ilipungua, kana kwamba mauti ilitafuta mlango mwingine. Wakauliza: tumewaongezea maisha, au tumekawiza kifo tu?

Shaka yao nayo ilizidi kipimo. Uchunguzi wa nyuma, huko Guinea-Bissau na Bangladesh, ulionyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto kweli. Hata hivyo ulizo lao ni jema: mtoto aliyeponyoka ugonjwa mmoja, atakula nini, atakunywa maji gani, nani atamtunza? Drexler anaahidi kwamba mashine zake zitaleta utajiri mwingi. Hasemi nani atazifikisha Kabambare.

Basi, ndugu katekista, mama akikuuliza kama dawa ya kuzuia uzee imepatikana, umjibu: bado. Kisha umwulize, mtoto huyu mgongoni amekwisha kuchanjwa surua?