Moyo Mshupavu na Koja la Lulu: Kusoma Upya Al-Inkishafi

Al-Inkishafi inapotajwa darasani, aghalabu wanafunzi hukumbuka jambo moja tu: magofu ya Pate. Mwalimu huwasomea beti za nyumba zilizobaki mahame, popo wakining'inia na bundi wakilia ndani, kisha dhamira huandikwa ubaoni kwamba dunia ni mapito. Mtahiniwa hunakili, na mtihanini huirudisha dhamira hiyo kama alivyopewa. Si batili. Hata hivyo, inamwacha nje mhusika mkuu wa utungo huu, ambaye ni moyo. Magofu yameletwa kutoa ushahidi, na anayeshtakiwa ni mwingine.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huu yapata mwanzoni mwa karne ya 19, wakati ambapo fahari ya Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka. Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume na masahaba wake, mtunzi anatangaza kazi anayokusudia kuifanya. Hatangazi mahubiri wala sheria. Anasema atatunga koja: atazisafi lulu, azipange kila upande, apate kifungo, na kifungo hicho akipe jina la Inkishafi, yaani kufunuliwa. Kidude hiki kitafanya nini? Kitaondoa giza la ujinga, na pia giza la dhambi za mtunzi mwenyewe. Atakayekizingatia, huenda akatubu.

Hebu tutue kwenye jazanda hii, kwa sababu walimu wengi huipita mbio wakiwahi magofu. Koja ni pambo dogo. Ni kazi ya vidole, uzi na subira. Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtunzi hapa, kwani tunatunga shanga na tunatunga shairi kwa kitenzi kile kile. Mtu mmoja, katika mji ulioanguka, anaketi kutunga pambo kwa maneno, akitumaini kwamba kwa njia ya pambo hilo Mola atamtoa mtu gizani. Katika utenzi mzima hakuna sauti inayotoka mbinguni kuzungumza na moyo huu, wala hakuna muujiza unaotendeka mbele yake. Ikiwa Mungu anaushughulikia, basi anaushughulikia kwa mkono wa mtunzi na kwa vile vinavyoonekana kwa macho: vumbi, taa, kisima, kuta zilizobomoka.

Baada ya takriban beti kumi, moyo unaitwa, na tashihisi inaanza kufanya kazi yake. Unarushiwa maswali ya balagha, na taswira zinafuatana bila kupumua. Ulimwengu ni kama vumbi linaloonekana katika mwale wa jua linapochomoza. Anayejaribu kulishika hapati kitu. Ni sarabi inayomdanganya mwenye kiu. Ni kisima chenye ng'ombe mkali, ajaye kunywa hupigwa pembe. Umri nao ni taa iliyowekwa penye upepo, haizuiliki izimikapo. Ni moto uliowashwa mwituni, likashuka wingu likauzima.

Kwa nini taswira nyingi hivi kwa hoja moja? Jibu la kawaida katika karatasi za wanafunzi ni "ili kusisitiza". Jibu hili ni jepesi mno. Mtunzi mwenyewe analalamika kwamba moyo haugeuki, kwamba unauza akhera kwa ulimwengu, na anausihi uuzike ujinga na ushupavu wake. Kila taswira inarushwa kwa kuwa iliyotangulia imegonga mwamba. Ushupavu wa moyo ndio unaousukuma utungo mbele. Lau moyo ungelainika kwenye beti za vumbi na taa, mtunzi angeweka kalamu chini, nasi tusingefikishwa Pate kamwe. Zile beti tunazozipenda mno, za nyumba zilizong'aa usiku kama mchana kwa taa za fuwele na za shaba, na za zidaka zilizopangwa vyombo vya Kichina ambazo sasa ni malalo ya makinda ya ndege, zimezaliwa na moyo uliokataa kusikia. Ukaidi umekuwa sehemu ya kazi.

Tena moyo huo ni wa nani? Mtahiniwa asisahau kimilikishi: moyo ni "wangu". Nafsineni na nafsinenewa wamo katika kifua kimoja. Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kudai kwamba mtunzi anawakashifu matajiri wa Pate. Zisomwe beti zenyewe kwa sauti. Toni yake inapofika kwao ni ya majonzi zaidi kuliko kejeli. Anayekemewa ni yule anayeyaona makaburi yao na bado haamki.

Inafaa kuulinganisha utungo huu na Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, naye wa Pate kwa asili, alikuwa mgonjwa alipomtungia bintiye. Naye anatoa pambo: hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Zawadi ni ile ile, ila mpokeaji amebadilika. Mwana Kupona anamwita mtoto akae karibu naye amsikilize. Sayyid Abdallah anauvisha koja moyo unaotikisa shingo. Pengine ndiyo sababu sauti ya mama ni tulivu, na ya Sayyid hupanda na kushuka, mara abembeleze, mara aghadhibike.

William Hichens alipouchapisha utenzi huu London mwaka 1939, aliuongezea jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa nafsi. Ni jina zuri, lakini linaahidi kisichosimuliwa. Utenzi unamalizikia kwenye maelezo ya moto wa Jahanamu na majina yake. Hakuna ubeti ambamo moyo unatangaza kwamba umetubu. Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba utungo huu ni wa kukata tamaa. Sikubaliani nao, kwani mtu aliyekata tamaa hasafi lulu moja moja akazipanga kwa vina vinavyorudi kwenye -ye ubeti baada ya ubeti. Lakini sikubaliani pia na mwalimu anayelisomesha darasa kana kwamba toba imekwisha kupatikana.

Zoezi hili linaweza kujaribiwa katika kidato cha tatu au cha nne. Wanafunzi wapewe beti za koja na beti za mwisho za moto, bila magofu, waambiwe waeleze moyo umejibu nini, na kila mmoja aonyeshe ubeti anaoutegemea.