Kiti Hiki Ni Kazi ya Nani?

Ingia mkutano wowote hapa Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, utakalia kiti kile kile: cha plastiki, chenye mikono, kinachopangwa kimoja juu ya kingine. Mgongoni utakuta jina limeandikwa kwa rangi: la shirika, la kanisa, au la mtu anayekodisha viti vya harusi. Mwenye kiti tunamjua. Aliyekibuni je?

Mimi nilidhani hakina mwanzilishi, kama jiwe tu. Kumbe kina historia. Kinaitwa monobloc, maana yake kipande kimoja: hakuna msumari wala gundi. Plastiki inayeyushwa, inasukumwa ndani ya kalibu, inapoa, kiti kinatoka. Mkanada D. C. Simpson alitengeneza cha majaribio mwaka 1946. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa chake, na mashine yake ilitoa kiti kimoja chini ya dakika 2. Viwanda vya dunia nzima vikaiga. Mwaka 2017 jumba la Vitra Design Museum, Ujerumani, lilikifanyia maonyesho. Yaani kiti tunachokalia tukisubiri mgao, wenzetu wanalipa kiingilio ili wakitazame!

Nikikipima kwa haki, ni kiti kizuri. Mvua haikiharibu, mtoto anakibeba, kinaoshwa kwa maji na sabuni. Mmarekani Don Schoendorfer alikifunga magurudumu ya baiskeli kikawa kiti cha mlemavu, na filamu ya Hauke Wendler, *Monobloc*, ya mwaka 2021, inaonyesha viti hivyo hapa hapa Uganda. Lakini mguu ukivunjika, basi. Fundi gani ataunga?

Sasa tugeukie kwetu Kongo. Wazungu walibeba viti vya machifu wa Kiluba, vile ambavyo mwanamke aliyechongwa anabeba kikalio kwa mikono yake. Vingine viko makumbusho ya London na New York. Waliovichukua hawakuuliza jina la mchongaji. Baadaye Mbelgiji Frans Olbrechts akaona kwamba baadhi ya vitu hivyo vina sura moja: uso mrefu mwembamba, mifupa ya mashavu imetokeza, mikono mikubwa. Akasema huyu ni mkono mmoja. Kwa kukosa jina akaitwa Bwana wa Buli, kwa kijiji ambako baadhi ya kazi hizo zilipatikana. Watafiti wa baadaye walileta jina: Ngongo ya Chintu. Wengine wanasema ilikuwa karakana yenye watu kadhaa. Ubishi wote huo ni kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeuliza.

Na mimi nimefanya kosa hilo hilo. Kwenye kituo chetu cha vijana tuliandaa maonyesho madogo. Mzee mmoja seremala alileta kiti cha mbao kinachokunjwa, kikalio kimesukwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sijaona kingine kama hicho, hata kwenye maduka ya fanicha ya Mbarara. Kadi niliandika mimi: "Kiti. Kazi ya wakimbizi." Mzee akasoma, akacheka kidogo. "Kijana wangu, wakimbizi wote walishika randa?"

Nilichelewa kubadilisha. Jioni nikaambiwa mgeni kutoka Mbarara alitaka kuagiza viti sita. Alisoma kadi, akamuuliza mlinzi, mlinzi hakujua. Akaondoka zake. Viti sita ni karo ya mtoto wa mtu.

Ndugu zangu wa mashirika, nanyi huwa mnaandika hivyo kwenye picha na ripoti zenu. "Wakimbizi" halishiki randa. Ulizeni jina, na muulize kama mwenyewe anataka liandikwe.

Mimi nilimuuliza mzee. Hakutaka jina lake humu kitabuni, alitaka liwe kwenye kiti. Tuliliandika chini ya kikalio kwa msumari wa moto. Njoo kituoni, ukigeuze, usome.